Kichupa Kilichonunuliwa Friji

Mwanamume mmoja, wapendwa, aliingia kwenye duka la vyombo vya umeme akiwa na tatizo lenye ukubwa wa kidole gumba. Alikuwa amelifunga kwenye leso mbichi na kulitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kilikuwa kichupa cha dawa ya macho ya mama yake.

Mama huyo alikuwa na presha ya macho. Mnaoijua mnaijua: haipigi hodi, haiumi. Inakuja kama mpangaji mpole, leo inachukua chumba kimoja, mwakani cha pili, siku ukishtuka nyumba nzima ni yake. Na ikishachukua hairudishi. Daktari alikuwa amemwambia kijana wetu (namwita kijana, ana miaka hamsini na miwili, lakini mbele ya mama yake nani si kijana?), "Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, usiruke. Na dawa hii ikae kwenye baridi. Ikipigwa na jua, unamtia mama yako maji tu."

Mama naye alikuwa na ombi. Alipokuwa msichana kwao, alipewa kazi ya kupiga debe kufukuza tembo shambani. Walikuwa wakija gizani, anasikia mahindi yanavunjika, anapiga debe, wanaondoka. "Nimewafukuza miaka sita," alisema, "sijawahi kumwona hata mmoja. Nipelekeni nikamwone kabla haya macho hayajafunga duka. Nimtazame usoni, nimuulize mahindi yetu yalimkosea nini."

Haya, mtoto gani atakataa? Lakini hoteli za mbugani, wapendwa! Ukitajiwa bei yake unawaona tembo hapo hapo ulipokaa, tena wa rangi mbili. Kwa hiyo mwanamume wetu akaamua watalala kambini: mama ndani ya gari, viti vimelazwa, wengine kwenye hema pembeni, chakula wapike wenyewe. Hema akaazima. Jiko akaazima. Magodoro akaazima. Kitu kimoja tu hakikuazimika: baridi. Ndiyo maana yuko dukani.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, ameketi katikati ya mafriji anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Karibu, baba."

"Asante, mama. Nataka friji ya kwenye gari. Iwe ndogo, na bei yake iwe mdogo wake."

Mama akacheka, akainuka. Mwanamume akaangukia ya kwanza aliyoiona, ile yenye karatasi ya bei inayotabasamu. "Hii je?"

"Hiyo ya feni. Nikuuzie leo, kesho unitukane? Haitengenezi baridi hiyo, inapunguza joto kidogo tu. Hapa dukani asubuhi itakufurahisha. Ifikishe kwenye jua la huko mnakokwenda, ndani utakuta uvuguvugu wa kunyolea ndevu."

Akaachana nayo. Jicho likaenda kwenye ile kubwa. Lita hamsini! Vyumba viwili, magurudumu, taa ya buluu. Akaizunguka mara tatu kama mtu anayeposa.

"Hiyo ni mashine kweli," mama akasema. "Unapoza mbuzi na mchungaji wake. Ila betri ya gari lako ina miaka mingapi?"

Mwanamume akaanza kuchunguza magurudumu.

"Umeshanijibu," mama akasema. Akaweka boksi lake chini. "Sasa, baba, tusizungushane kama jogoo na punje. Unataka kupoza nini?"

Swali gani hilo, ndugu zangu! Watu wangapi wamenunua, wamejenga, wameoa, na hakuna aliyewauliza swali hilo? Mwanamume akatoa leso, akaifungua, akaonyesha kichupa, akaeleza ni dawa ya macho ya mama yake. Mama akakitazama, akaitazama ile ya lita hamsini, akashika mbavu.

"Hiki? Hiki ndicho unakitafutia jumba?"

Akainama chini ya meza, akatoka na kifriji cha lita kumi, kimejaa vumbi. "Hiki hapa. Kidogo, lakini kina kompresa, baridi yake ni baridi. Kinachomekwa pale pa kuwashia sigara. Betri ya gari ikianza kuchoka kinajizima chenyewe, asubuhi gari lako linawaka. Kimekuzidi bei kidogo, najua. Usinunue viti vya kukunja vya safari, kalieni ndoo. Dawa ya mama yako itasalimika na jua, na makalio yako yatazoea." Akapokea pesa, akamkazia macho. "Ila nikuambie kitu kisichoandikwa kwenye boksi. Friji ikishaonekana kwenye familia, kila mtu anakumbuka ana kitu cha kupoza."

Mwanamume akacheka. Akaondoka na kifriji chake, ana furaha kama aliyeokota bahati.

Siku ya safari, asubuhi, kichupa kiliwekwa ndani peke yake. Kichupa kimoja ndani ya lita kumi, kimekaa katikati kama bwana harusi aliyewahi kanisani. Mama akaomba ashike. Akaingiza mkono, akapapasa kuta zenye ubaridi, akakigusa, akasema, "Hata mimi sijawahi kupewa chumba kikubwa hivi."

Mkewe mwanamume akachungulia. "Mume wangu, friji yote hii kwa kichupa? Watu watatuona wachoyo." Akaleta nyama nusu kilo, amekwisha kuipaka tangawizi. Ubaya wa nyama uko wapi? Kichupa kikasogezwa pembeni.

Akaja kaka wa mke, naye yumo kwenye safari. "Shemeji, nimekuja na soda nne tu. Si vizuri mtu kupanda gari la watu mkono mtupu."

Sasa niambieni, nyinyi mliooa: unamwambiaje shemeji yako arudishe soda? Huko ni kuitisha kikao cha ukoo. Soda zikaingia. Kichupa kikaenda kona. Mtindi wa mama ukaingia, maana na mama naye ana haki. Kichupa kikalazwa ubavu.

Wakalala njiani siku ya kwanza, salama kabisa. Asubuhi ya siku ya pili mwanamume akamwekea mama matone yake, tone na tone, mama akafinya macho, wakaanza safari. Kilomita si nyingi mbele wakakuta akina mama wanauza matikiti barabarani. Matikiti, wapendwa, makubwa kama vichwa vya wazee wa kanisa! Mwanamume akanunua moja, wakalipasua, nusu wakala wima, maji yanachuruzika hadi kwenye viwiko. Nusu ya pili mwanamume akasema, "Hii ikipata baridi, jioni tunaila kambini kama mabalozi."

Nusu ile ikakataa kuingia. Akailaza chali, ikakataa. Akaigeuza kifudifudi, ikakataa. Shemeji anashauri, mke anashauri, hata muuza matikiti anashauri. Mwanamume akatoa hiki, akaingiza kile, akasukuma kwa goti, mara mfuniko ukasema *tap!* Watu wakapiga makofi. Wakaondoka wanaimba. Shemeji alikuwa na sauti mbaya, akajua ana sauti mbaya, akaimba kwa nguvu zaidi. Kwenye kiti cha nyuma mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Jua la siku ile liliwaka kama lina ugomvi na mtu. Alasiri wakafika kambini, nje kidogo ya lango la mbuga. Lango hufunguliwa alfajiri, na tembo, wakaambiwa, asubuhi huwa kisimani, dakika ishirini tu kutoka langoni. Hema likasimama. Kifriji kikafunguliwa. Jamani, baridi! Soda zinatoa jasho. Tikiti linauma meno. Mtindi umekaza kama sementi. Wakala, wakanywa, wakamsifu mwanamume kwa kujua kuchagua.

Saa kumi na mbili, jua linashuka, mama akasema kwa upole, "Mwanangu, ni saa ya macho."

Mwanamume akanyanyuka, akafungua kifriji, akapeleka mkono kona. Nyama. Akapeleka kona nyingine. Soda moja. Akatoa kila kitu, akapanga kwenye nyasi. Kichupa hakipo.

"Nani kakitoa?" akauliza.

Wakatazamana.

"Nauliza, nani kakitoa kichupa cha mama?"

Hapo hapo akawa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu. Mkewe akasema, "Mimi jana nilikisogeza tu, kilikuwepo." Shemeji akasema, "Mimi soda zangu nilizipanga kwa adabu, shemeji, hata kusukumana hazikusukumana." Mwanamume akapandisha sauti. Akasema mambo ya watu wasiojali wazee. Akasema watu wengine wanawaza matumbo tu. Shemeji akainamisha kichwa, mke akaanza kutafuta chini ya viti.

Mama akasema, "Muache shemeji yako. Kiko huku nyuma, kwenye kioo."

Kweli. Kilikuwa kwenye ukingo wa dirisha la nyuma, karibu na bega la mama, chini ya kioo kilichopigwa jua tangu asubuhi. Mwanamume akakishika, akakiachia. Kilichoma.

"Nani alikiweka hapa, mama?"

"Ni wewe, baba," mama akasema. "Mkono wako naujua. Ulisema, 'Mama, nakiweka hapa dakika moja, tikiti lipate nafasi.'"

Mwanamume akakiokota kichupa kwa leso. Halafu akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto kweli, "Mbona hukunikumbusha? Ulikaa nacho siku nzima!"

"Mlikuwa mnacheka," mama akasema. "Tangu tumzike baba yako sijawasikia mnacheka hivyo. Nikasema nisubiri, atakumbuka mwenyewe."

Mwanamume akapiga simu hospitali. Muuguzi akamjibu, "Itupeni. Na msimwache mama bila dawa, rudini mjini." Dawa ile haikuwa ya duka la barabarani. Alfajiri, lango la mbuga linafunguliwa, wao wakageuza gari. Dakika ishirini kutoka kisimani, wakageuza gari. Mama hakulalamika. Alikaa upande wa dirisha, uso kaugeuzia kule mbugani, mpaka miti ikaisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huanza kutafuta kosa pasipo na kosa. Kifriji hakikuharibika. Kilifanya kazi yake hadi mwisho, hakikukosea hata digrii moja. Pesa yake haikupotea, mama muuzaji hakudanganya, betri haikuzima. Na ndani yake, ndugu zangu, hamkuwa na dhambi hata moja! Mlikuwa na nyama. Mlikuwa na mtindi. Tikiti ni uumbaji wa Mungu. Ingekuwa ndani mna chupa ya pombe, leo ningehubiri vizuri, mngesema amina, na tungekwenda nyumbani kila mtu akimfikiria jirani yake. Hamkuwa na pombe. Kitu kizuri kilitolewa na vitu vizuri.

Na sisi je? Tumemwomba Mungu kazi ili tulee watoto, kazi imekuja, watoto tunawaona wakiwa wamelala. Tumejenga nyumba ili mama apumzike, nyumba imejaa, mama analala sebuleni, wageni wakiaga ndipo na yeye anapata pa kujinyoosha. Na hapa, hapa tulipokaa! Kiwanja hiki tulikinunua ili tusali. Sasa tuna kamati, tuna spika mpya, tuna sare tatu za kwaya, tuna mipango mpaka mwakani. Vyote vizuri, vyote vimepoa, tunasifiana. Nani alimwona Bwana mara ya mwisho, na mlimweka wapi?

Ninachokiogopa ni kwamba hapigi kelele. Angepiga kelele tungemrudisha. Yeye anatusikia tunaimba, tunacheka, anasema nisubiri, watakumbuka wenyewe. Tunamwambia "dakika moja tu, Bwana", na yeye ni mpole, anatuamini. Jua linapanda. Upole wake tunauona ruhusa.

Kwa hiyo sitawaomba leo mkanunue kitu, wala mkaongeze kitu. Tumeongeza vya kutosha. Ukifika nyumbani, fungua hayo maisha yako, toa vyote uvipange kwenye nyasi, utazame kilichokosekana. Jiulize hili lote nililinunua kwa ajili ya nani. Na ukikuta nafasi yake imekaliwa na tikiti, nakuomba, usimgeukie mkeo, usimgeukie shemeji, wala usiitishe kikao kuuliza nani kakitoa.

Angalia mkono wako. Halafu kakichukue, kabla jua halijafika kwenye kioo.