Wimbo wa Kazi Zangu

Nilikuwa mwakilishi wadi kwa miaka mitano, na katika bunge la kaunti sauti yangu ilisikika mara moja tu, siku niliyouliza kwa nini chai imechelewa. Hata hivyo nilitaka kipindi cha pili. Gavana alipotangaza ziara, nilimwita Mbodze, kiongozi wa ngoma ya akina mama, nikamwambia watunge wimbo wa kunisifu, la sivyo kikundi chake kisahau mialiko ya kaunti.

"Sawa, mheshimiwa," alisema. "Tutaje kazi gani?"

Nilifikiri kidogo. "Maji ya bomba. Zahanati. Daraja."

"Na viko wapi, tusije tukakosea mbele ya gavana?"

Hapo nilikuwa fundi. Kwa mdomo tu, bomba nililiweka nyuma ya soko, zahanati karibu na shule, daraja pale mtoni tunapovuka kwa kukunja suruali. Mbodze alisikiliza kwa heshima, mpaka nikaongeza na taa za barabarani bila kuulizwa.

Siku ilipofika, waliimba vizuri hata mimi mwenyewe nikaamini. Gavana alitikisa mabega kwa furaha. Ndipo Mbodze akageuza safu ya wachezaji kuelekea barabarani.

"Ngoma hii huchezwa kwa kutembea, Bwana Gavana. Kila kazi tunaiimbia pale ilipo."

Gavana alikuwa ameshasimama, anacheza. Mbodze akanivisha shingoni filimbi ya kuongozea ngoma.

"Tangulia, mheshimiwa," alisema. "Njia ya kwenda bombani unaijua wewe peke yako."