Samaki wa Shaba na Mstari wa Kibla

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani alikuwako mja mwema aitwaye Maamari bin Shuraiki, mwangalizi wa nyakati za swala katika msikiti mkuu. Kazi yake ilikuwa kupima kivuli cha kijiti mchana na kutazama nyota alfajiri, kisha kumwambia mwadhini kwamba wakati umeingia. Naye alikuwa na desturi iliyowashangaza wageni. Akikosea hesabu, hata kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, alisimama Ijumaa baada ya swala akatangaza mbele ya watu wote: "Jumanne nilikosea. Aliyeswali Alasiri kwa neno langu na airudie." Wapo waliomcheka, lakini mji mzima ulimwamini.

Ni yeye pia aliyegundua kwamba mihrabu ya msikiti ule, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, ilijengwa vibaya. Mafundi wa zamani waliielekeza kulia mno, na kibla ya kweli ilikuwa kushoto kwake. Kuubomoa ukuta hakukuwezekana, basi Maamari akachora mistari myeusi sakafuni, na waumini wakawa wanasimama mshazari, wakifuata mstari na kuiacha mihrabu. Kila aliyeswali pale alilijua jambo hilo.

Katika mji huohuo aliishi tabibu Haritha bin Wahbi, aliyezika wanawe watatu katika mwezi mmoja wa tauni. Tangu siku ile hakuonekana tena msikitini. Hakumtukana Mungu wala hakumzuia mtu kuswali. Aliwatibu wagonjwa akarudi nyumbani akanyamaza. Lakini watu wengine hawawezi kumwona mtu amenyamaza na msiba wake wakamwacha. Walimchokoza barazani kwa liwali mpaka akasema: "Mimi huujua ugonjwa kwa mapigo ya mshipa. Nanyi mnazo elimu za nyota, za maji na za mizani. Nionyesheni Mungu kwa elimu hizo, nami nitaswali leo."

Liwali aliwaka hasira. Mwanachuoni wake wa baraza, Kabusi, akajitolea kuleta dalili isiyo na shaka katika muda wa siku arobaini. Ikapitishwa kwamba dalili ikiletwa, kisha Haritha akakataa kuswali, atafukuzwa mjini na nyumba yake ichukuliwe. Tazameni, ndugu zangu, imani ya namna hii, inayomkamata mzazi aliyefiwa na kumtishia paa la nyumba yake ili amsujudie Mola wake!

Siku ya thelathini na tisa, asubuhi, Kabusi alimwita Maamari msikitini. Palikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, juu yake beseni la maji, na ndani ya maji akaelea samaki mdogo wa shaba. Kabusi akasoma Ayatul Kursi kwa sauti nzuri. Samaki akatikisika, akageuka polepole, akaielekea mihrabu na kutulia hapo. Alipomgeuza kwa kidole na kusoma tena, samaki akarudi palepale. Maamari akalia mpaka ndevu zikalowa. Miaka thelathini alikuwa amepima vivuli, na hakuwahi kutaraji kuonyeshwa jambo kama lile kwa macho yake. Kabusi akamwambia kwamba kesho, baada ya swala ya Ijumaa, liwali anamtaka atoe ushahidi kuwa hakuna hila, maana neno lake watu hawalitilii shaka. Maamari akakubali kwa furaha.

Nyumbani alimkuta mkewe, Bi Raita, akichambua dengu. Akamsimulia kila kitu. Bi Raita alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo samaki alitazama wapi, bwana wangu?"

"Mihrabu."

"Mihrabu, au mstari wako?"

Maamari akavitafuta viatu vyake.

"Basi aliyemgeuza hajapata kuswali msikitini kwetu," alisema Bi Raita, akaendelea na dengu zake.

Kweli, Kabusi alikuwa akiswali kwenye msikiti mdogo wa ndani ya jumba la liwali. Mistari ya sakafuni kwake ilikuwa mapambo tu. Maamari alirudi mbio msikiti mkuu, akakifunua kile kitambaa cha kijani mbele ya Kabusi bila kuomba ruhusa, na chini ya meza akakuta jiwe la sumaku limefungwa kwenye ubao unaosukumwa kwa goti. Tumboni mwa samaki mlikuwa na chuma.

Kabusi hakuona hata haya. Alisema Mungu yupo, na Maamari anajua kwamba yupo, basi kuna ubaya gani kuwasaidia wanyonge wa akili wamwone? Yule tabibu ataswali, liwali atafurahi, na dini itashinda.

"Machozi yangu ya asubuhi nimemlilia nani, Kabusi?" alisema Maamari kwa ghadhabu. "Nimekililia kipande cha chuma. Umenifanya nilie mbele ya goti lako nikidhani niko mbele ya Mola wangu, halafu unaniambia hiyo ndiyo dini?"

Kabusi akamjibu kwa utulivu kwamba asiposhuhudia atapoteza kazi yake, na mji mzima utasema amesimama upande wa mkanushaji.

Siku ya Ijumaa msikiti ulijaa mpaka uani. Haritha aliletwa na askari wawili. Aya ikasomwa, samaki akageuka, na watu wakapaza takbiri, "Allahu Akbar," huku wengine wakilia. Maamari alimtazama tabibu. Uso wa Haritha ulikuwa umebadilika, akashika ukingo wa meza, akasema kwa sauti ya chini, "Basi Mungu aliwaona na wanangu."

Hapo moyo wa Maamari ulipasuka. Mtu yule alikuwa hatua moja kutoka kwenye swala, na kunyamaza tu kungetosha. Liwali akamwashiria aseme.

"Enyi watu," alisema Maamari, "jana nilikosea. Nililia mbele ya samaki huyu nikakubali kumshuhudia. Tazameni mistari iliyo miguuni mwenu, kisha mtazameni yeye."

Watu wakainama, wakatazama, na kelele zote zikakatika. Samaki alikuwa ameikazia macho mihrabu iliyokosewa. Maamari akavuta kitambaa, jiwe likaonekana.

"Mwenyezi Mungu hakosei kibla. Aliyeikosea ni mtu, na akamsingizia Yeye. Aliyepaza takbiri kwa ajili ya samaki huyu na airudie kwa ajili ya Mola wake."

Liwali, uso umemwiva kwa aibu, akamuuliza kama anadai basi kwamba elimu haina dalili ya Mungu.

"Elimu yangu hunionyesha jua litakapokuwa," alisema Maamari, "na kila siku hufika nilipolihesabia, nami nikamhimidi aliyeliweka. Lakini sijapata kumkuta Yeye kwenye ncha ya kijiti changu, na siwezi kusema nimemkuta. Ninamwamini. Kwa sababu ninamwamini, siwezi kumwongopea mtu kwa jina lake."

Haritha aliachiwa, maana dalili aliyopaswa kuhukumiwa kwayo ilikuwa imeanguka. Alitoka bila kumtazama mtu. Na Maamari? Aliondolewa kazini siku ileile, kwa kosa la kumwaibisha liwali. Kabusi alibaki barazani na kilemba chake. Nawasimulia kama nilivyopokea, ingawa kila nikifika hapa damu hunichemka.

Ikapita miezi mitano. Siku moja mchana hodi ilibishwa nyumbani kwa Maamari, na aliyekuwa mlangoni ni Haritha. Aliketi uani, akasema, "Siku ile nilikuchukia. Ulininyang'anya wanangu mara ya pili. Lakini nimefikiri, na katika mji huu mzima ni wewe peke yako uliyekataa kunidanganya juu ya Mungu. Maswali yangu bado ninayo. Niambie tu, wakati wa Alasiri umeingia?"

Maamari akakitazama kivuli cha kijiti alichokisimika uani kwake.

"Bado kidogo, ndugu yangu."

"Nitangoja," alisema Haritha, akaanza kukunja mikono ya kanzu yake ili atie udhu.

Basi na waone haya wale wanaodhani Mola wa mbingu na ardhi anahitaji goti lao chini ya meza. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi mkweli, hasa pale tunapolitaja jina lake.