Kifaranga Mwenye Miguu Minne

Kiangazi kile kilikuwa kikali hata bata waliacha kuzungumzia kuogelea. Katika ua mmoja wa kuku kulikuwa na karai moja la maji, na maji yenyewe hayakufika nusu. Kuku walikunywa kwa zamu, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Mkubwa wako alikuwa yule aliyekudonoa nawe usithubutu kumrudishia. Hapakuwa na mjadala mwingine.

Juu ya wote alikuwa Bi Kishingo, kuku mwenye shingo tupu na maneno mengi. Chini ya wote alikuwa Kidimu, ambaye manyoya yake yalisimama pande zote kana kwamba ameamshwa na radi. Kidimu alidonolewa na kila mtu, naye hakuwa na wa kumdonoa. Zamu yake ilipofika alikuta tope. Alishukuru, akanywa tope.

Jogoo wa ua huo aliitwa Kuchi, mrefu, kifua mbele, mchache wa maneno. Mkewe, Bukini, mdogo wake Bi Kishingo, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mdondo na kumwachia vifaranga watano. Bukini hakuwa na mkia, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Kuchi hakumzungumzia. Usiku, kwenye kichanja, aliacha nafasi upande wake wa kushoto, na kuku aliyejaribu kuikalia aliombwa kwa upole asogee.

Kuingiza vifaranga kundini ni kazi ya mama. Yeye hutangulia, hutimua manyoya, na wenye midomo mikali hukaa mbali. Kuchi hakujua kutimua manyoya kwa namna ile. Alikumbuka tu kwamba Bukini aliwahi kuwafunika watoto wa marehemu jirani kwa tenga, katikati ya ua, ili wazoeleke kabla ya kufikiwa. Basi alisukuma kwa kifua tenga bovu la nyanya, akawafunika wanawe, akasimama kando.

Siku zikapita. Vifaranga walikua, tenga likazidi kuoza. Asubuhi moja Bi Kishingo akaja mbele ya Kuchi.

"Shemeji, hawa tumewaona mpaka tumechoka. Sasa watoke wasalimie."

"Wasalimie vipi?"

"Kama kila mgeni. Wenyeji wote tunasimama mstari, kila mmoja anamdonoa mgeni mara moja, mgeni anasema asante. Anayekaribisha ni mwenyeji, anayekaribishwa ni mgeni. Ndiyo mila yetu."

"Ninyi ni wengi, Bi Kishingo, na wao ni wadogo. Watakufa."

"Huenda. Lakini watakufa wakiwa na adabu. Wasiposalimia leo, jioni watalala nje ya ua."

Nje ya ua, nyuma ya boma la miiba, alilala Kicheche, mlafi asiyeshiba, ambaye harufu yake ilifika mahali kabla yake. Alikuwa akisikiliza. Kwa kuwa mlafi husikia kwa tumbo, habari ya salamu ilimpita. Alishika maneno mawili tu: vifaranga, na tenga.

"Nikiwekwa humo pamoja nao," akajiambia, "nitakula nikiwa nimefunikwa, kama bwana harusi."

Alijipaka ulimbo wa kunasia ndege kutoka puani hadi mkiani, akajiviringisha kwenye sufi zilizodondoka chini ya msufi. Akainuka mweupe, mnene, laini, akaingia mlangoni akilia, "Piyo! Piyo! Shikamoo, mama mkubwa!"

Bi Kishingo alipenda sana kuamkiwa. "Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa ukoo huuhuu, upande wa mama. Nilitagwa safarini. Nimekuja kukaa na ndugu zangu hapo tengani."

"Mbona una masikio?"

"Homa, mama mkubwa. Iliponitoka ikayaacha."

"Na miguu minne?"

"Miwili ya akiba. Njia ilikuwa ndefu."

"Na hii harufu?"

Kicheche aliinamisha kichwa. "Kwetu maji hakuna kabisa."

"Masikini!" wakasema kuku wote, huku wakirudi nyuma hatua moja.

Kuchi alikuwa amemtambua kwa harufu hata kabla ya piyo ya kwanza. Moyo ulimwambia amrukie. Lakini Kicheche alikuwa na meno, na tenga lilikuwa bovu. Teke moja la bahati mbaya, wanawe wangekuwa wazi. Alitazama jua, akatazama ulimbo uliong'aa chini ya sufi. Akakohoa.

"Bi Kishingo, mgeni huyu aingie tengani, sina pingamizi. Ila hajasalimia."

"Kweli kabisa! Pangeni mstari!"

"Kusalimia ni lazima?" akauliza Kicheche. "Mimi si wa makuu."

"Hata kidogo hujatusumbua, mwanangu. Karibu," akasema Bi Kishingo, akamdonoa utosini.

"Asante, mama mkubwa."

"Karibu." Wa pili akamdonoa mgongoni. Ulimbo ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jua. Mdomo wa kuku ulitoka na sufi, na sufi ikatoka na manyoya.

"Aaasante."

"Karibu!" "Karibu!" "Karibu sana!"

Kicheche alishukuru mpaka sauti ikawa nyembamba, na sasa ikafanana kweli na ya kifaranga. Hatimaye ikafika zamu ya Kidimu. Kidimu hakuwa amemdonoa mtu maisha yake yote. Alimzunguka mgeni polepole, kama aliyewekewa sinia zima la pilau peke yake.

"Mara moja tu, Kidimu," akaonya Bi Kishingo.

"Najua, dada. Nachagua mahali."

Akachagua pua.

Kicheche alijilamba pua kwa uchungu. Akajilamba tena, na sufi, na ulimbo, mpaka midomo yake ikagandana kabisa. "Mmmh!" akasema. Hilo ndilo Kuchi alilokuwa akilingojea.

"Mmmh nini?" akauliza Bi Kishingo.

"Anauliza kama mstari umekwisha," akasema Kuchi. "Haujakwisha. Kuna waliofika kabla yake." Akalipindua tenga.

Vifaranga watano walitoka, wakasimama nyuma ya Kidimu kwa mpangilio. "Karibu," akasema wa kwanza, akadonoa. "Karibu," akasema wa pili. Wa mwisho alikuwa mfupi. Ilibidi apande juu ya bonge la udongo. Akapanda, akajiweka sawa, akasema, "Karibu, ndugu yetu," akamdonoa jichoni.

Kicheche alitoka kwa miguu yote minne, ya akiba ikiwa mbele. Alipita katikati ya boma, na kila alichogusa kilimganda: majani, miiba, kiota cha kwale kisicho na mwenyewe. Waliomwona porini walisema wameona kichaka kikikimbia. Mwenye kujifanya mmoja wa watu, hutendewa kama mmoja wao.

"Ameondoka bila kuaga," akasema Bi Kishingo. "Malezi ya safarini hayo. Haya, shemeji, sasa ni zamu ya hawa wako kudonolewa."

"Wanangu wamemkaribisha mgeni," akasema Kuchi. "Ulisema anayekaribisha ni nani?"

Shingo tupu ya Bi Kishingo ikawa nyekundu kuanzia chini kwenda juu, kuku wote wakitazama.

"Mwenyeji," akasema mwishowe. "Lakini wa mwisho! Wa mwisho kabisa! Nyuma ya Kidimu!"

"Nyuma yangu?" akasema Kidimu.

Aligeuka taratibu, akawatazama watano wale. Zamu yake ya maji ilipofika alikunywa mafunda mawili ya tope, akajizuia, akasogea.

"Njooni mnywe. Msisukumane. Mimi ndiye mkubwa wenu hapa."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Mkimaliza mje chini ya mabawa. Mnapigwa na upepo bure."

Wakaingia wote. Kwa kuwa manyoya ya Kidimu yalisimama, vichwa vitano vilionekana vikichungulia humo kila upande.

Kuchi alitaka kumshukuru. Basi aliinua shingo, akawika.

"Shemeji!" Bi Kishingo akapiga kelele. "Jua linazama, halichomozi!"

"Naliona," akasema Kuchi, akawika tena.