Nungunungu na Nyama Iliyoitika

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba, na ndani ya nyumba meko.

Mekoni kuna nini?

Mafiga matatu, na la nne ni sikio.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna polepole. Hadithi hii ni ya kusikiliza, na mwenye kutafuna ndiye wa mwisho kusikia.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakiombana moto na chumvi, kulikuwa na mlima wenye ukungu. Ukungu wa huko haukuwa na adabu. Uliingia majumbani bila hodi, ukakaa.

Katika mlima huo aliishi Nungunungu, mjane, na watoto wake watatu. Siku hizo miiba yake ilikuwa kimya. Alitembea, akageuka, akainama shambani, na hukusikia kitu. Kazi yake ilikuwa kulima viazi, na hakuna aliyemfikia kwa chapati za viazi. Alivikwangua viazi vibichi kwa mwiba wake mwenyewe, akavifunga kwenye kitambaa, akavikamua maji mpaka tone la mwisho. Akatia kitunguu, yai la kanga, unga kidogo na chumvi, akautandaza mchanganyiko mwembamba kwenye kikaango chenye mafuta yaliyochemka. Chwaaa! Kingo zikageuka rangi ya asali. Ukiuma, kra! Ukiuma tena, kra! Jirani wa tatu anasikia unakula.

Naona mate yamekujaa. Meza, tuendelee.

Jirani wa Nungunungu alikuwa binadamu, kikongwe aitwaye Bibi Nakiete. Binti yake alikufa akijifungua, akamwachia mjukuu mchanga. Mtoto huyo hakuwa na mama, hakuwa na shangazi wa kumnyonyesha. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Tunu, mweusi mwenye mkia wenye ncha nyeupe. Maziwa ya Tunu ndiyo yaliyomweka hai. Na hata watoto wa Nungunungu walipougua surua, Bibi Nakiete aliwapelekea kibuyu cha maziwa hayo hayo, wakapona.

Kila jioni Bibi Nakiete alisimama mlangoni, mjukuu mgongoni, akaimba:

*Tunu ee, Tunu, kibuyu ki mkononi,*
*Tunu ee, Tunu, mtoto ana njaa,*
*Jua limetua, itika nikusikie.*

Na Tunu, hata awe mbali namna gani, aliitika: "Mmmuuu!" Kisha akarudi nyumbani.

Basi ikawa mwaka wa shida. Kwa Nungunungu ikawa viazi asubuhi, viazi mchana, viazi usiku. Watoto wakanuna.

"Mama, viazi tena?"

"Viazi tena. Mnataka nini, moyo wangu?"

"Tunataka nyama, mama."

Maneno hayo yalimchoma Nungunungu. Mama akiambiwa hivyo na mwanawe, halali.

Siku moja ukungu ulikuwa mzito, huoni hata kiganja chako. Akasikia hodi. Alikuwa Fisi, na mgongoni ana furushi limelowa.

"Dada Nungunungu, nimeleta nyama. Pangoni kwangu hakuna moto, na nyama mbichi haikai. Itundike darini kwako, moshini, ikauke. Nusu yako, nusu yangu."

"Umeitoa wapi, kaka Fisi?"

"Lo! Dada, mwenye njaa hana miiko. Unauliza nyama au unauliza njia iliyopita?"

Akalifungua furushi. Nungunungu akaona mapaja, akaona mbavu. Chini kabisa akaona mkia mweusi, na ncha yake nyeupe.

Aliuona. Tusidanganyane, aliuona vizuri sana. Mdomo wake ulifunguka kuuliza mara ya pili, na papo hapo akamsikia mwanawe wa mwisho akisema nyuma yake, "Mama, nyama!" Mdomo ukafungwa. Akachukua kisu, akaichana nyama vipande virefu vyembamba, akaipaka chumvi, akaitundika juu ya meko. Mkia akautupa motoni.

Jioni ikafika. Kwa mbali, ndani ya ukungu, sauti ya kikongwe ikaanza.

*Tunu ee, Tunu, kibuyu ki mkononi,*
*Tunu ee, Tunu, mtoto ana njaa,*
*Jua limetua, itika nikusikie.*

Malishoni, kimya. Lakini pale juu ya meko, vipande vya nyama vikaanza kutikisika, na upepo haukuwepo. Vikatikisika vyote kwa pamoja. Kisha vikaitika:

"Mmmuuu! Niko huku, mama. Niko moshini."

Nungunungu akageukia mlango. Na nyayo za Bibi Nakiete hizo, zinakuja, ziko uani! Haraka akashika kikaango, akamwaga mafuta, akatupia viazi. Chwaaa!

"Hodi, mwanangu. Nimesikia kama sauti ya Tunu humu."

"Ni kikaango, bibi. Karibu chapati."

Bibi Nakiete akakaa, akapewa chapati ya moto. Kra, kra, kra. Pale juu nyama ilikuwa bado inaitika, lakini anayetafuna kitu kikavu husikia meno yake tu. Akashukuru, akaondoka, akaendelea kuita huko ukunguni mpaka sauti ikakauka. Nungunungu akakaa chini mbele ya meko, akajiambia kwamba kesho nyama ikiliwa, itanyamaza.

Kesho yake Fisi akaja na njaa yake. Nyama ilikuwa imekauka, ngumu kama gome la mti. Nungunungu akaichemsha kidogo, akaitia kwenye kinu, akaitwanga mpaka ikachambuka nyuzi nyuzi, akaikaanga na kitunguu na pilipili. Watoto wakala, wakalamba vidole, wakaomba tena. Fisi akala sehemu ya watu watatu. Nungunungu naye akala, na ikamwia tamu, na utamu huo ukamtia hofu. Vipande ambavyo hakuvitwanga akaviacha darini.

Jioni ikafika.

*Tunu ee, Tunu, kibuyu ki mkononi,*
*Tunu ee, Tunu, mtoto ana njaa,*
*Jua limetua, itika nikusikie.*

Nyama ya darini ikatikisika. Watoto nao wakatikisika. Midomo yao ilikuwa imefumba, na bado sauti ikatoka, kutoka chini, kutoka matumboni:

"Mmmuuu! Niko huku, mama. Niko tumboni."

"Kaanga!" Fisi akafoka, amejishika tumbo kwa mikono miwili. "Kaanga, dada, upesi!"

Chwaaa! Wakatafuna wote, kra, kra, kra, macho yamewatoka, wanakula kama watu wanaokimbia. Nyayo zikapita mlangoni, zikasimama, zikaenda zake. Usiku ule mtoto wa mwisho akamvuta mama yake. "Mama, tumboni mwangu kuna mtu. Anatafuta mlango." Nungunungu akamkumbatia mpaka asubuhi.

Siku ya tatu Bibi Nakiete akawaita majirani, Sungura na Kobe, wamsaidie kumtafuta ng'ombe. Mjukuu alikuwa hanywi kitu ila maji ya uji, na kilio chake kimekuwa chembamba. Fisi akamwendea Nungunungu.

"Waalike kwako jioni, uwalishe. Mdomo uliojaa hauulizi maswali. Wakitafuna, hawasikii. Wakishiba, watalala. Kesho wamesahau."

Nungunungu akakwangua viazi vyote alivyokuwa navyo, hata vile vya mbegu. Akakamua, akatandaza, akageuza. Chapati zikawa kavu za kuvunjika kwa jicho, chungu nzima. Viazi vikaisha. Mafuta yakaisha. Wageni hawaonekani, maana ukungu umeshuka na Kobe ndiye aliyeshika njia mbele.

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaojua jiko. Nungunungu alikuwa mama wa nyumba aliyelelewa vizuri. Tangu utoto alifundishwa kwamba chakula cha mgeni hakiachwi wazi, wala mgeni hapewi kilichopoa. Basi alifanya nini? Akachukua sinia, akapanga chapati zake zikiwa zinafuka, akazifunika kwa kawa. Juu ya kawa akatandika kitambaa safi. Akakaa kusubiri, kidogo moyo umetulia.

Eh! Nani ameguna hapo? Wewe unajua. Nyamaza, usiwaharibie wenzako.

Wageni wakafika. Sungura, Kobe, Bibi Nakiete na mjukuu mgongoni. Fisi akakaa karibu na mlango. Watoto wa Nungunungu wakapangwa pembeni, wameshikilia matumbo yao. Wakanawa. Nungunungu akafunua kawa, na mvuke uliofungiwa humo ukampiga usoni.

Chapati zilikuwa zimelala. Zilikuwa laini kama kitambaa kilichotoka majini.

Sungura akauma. Kimya. Kobe akauma. Kimya. Nyumba nzima inatafuna, na unasikia ukungu ukidondoka kwenye nyasi za paa. Nungunungu akaangalia kibuyu cha mafuta, kitupu. Akaangalia kapu la viazi, tupu.

Katika kimya kile mtoto mchanga akalia. Bibi Nakiete hakuwa na maziwa ya kumpa, akamtikisa mgongoni, akambembeleza kwa wimbo pekee aliokuwa nao.

*Tunu ee, Tunu, kibuyu ki mkononi,*
*Tunu ee, Tunu, mtoto ana njaa…*

Hakuumaliza. Darini kukaitika. Tumboni mwa mtoto wa kwanza kukaitika. Tumboni mwa wa pili. Tumboni mwa wa mwisho, kwa sauti nyembamba. Tumboni mwa Fisi kukaitika kwa nguvu mpaka meno yake yakagongana. Na Nungunungu akajisikia mwenyewe, mdomo umefumba, akiitika pamoja nao:

"Mmmuuu! Niko huku, mama. Niko huku. Niko huku."

Bibi Nakiete akasimama. Hakulia. Aligeuka kidogo kidogo, akifuata sauti, kama mtu anayetafuta mwanawe gizani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, bibi," akasema Sungura.

Fisi akaruka. "Si mimi! Ni watoto hao! Sikilizeni wenyewe, watoto hao ndio waliomla! Wapasueni muone!"

Kisu kilikuwa palepale kwenye sinia. Kobe akakitazama. Sungura akakitazama. Mtoto wa mwisho akajificha chini ya mkono wa mama yake, na tumbo lake likaendelea kuitika.

Ndipo Nungunungu akapiga magoti.

"Bibi, watoto hawajui kitu. Fisi aliua, mimi nilitundika. Niliuona mkia, bibi. Niliuona nikaujua, nikautia motoni. Kama ni tumbo la kupasua, hili hapa."

Fisi hakungoja zaidi. Alitoka mbio akapotelea ukunguni, na huko alikokimbilia wakamsikia anaitika, anaitika, mpaka sauti ikawa ndogo.

Bibi Nakiete akamgeukia Nungunungu.

"Maziwa yake yaliwaponya wanao," akasema. "Ungeniambia siku ile ile, tungelia pamoja, na ningekupa nyama hiyo kwa mikono yangu. Wangu sasa atakunywa nini?"

Nungunungu akaweka paji la uso chini.

"Sipasui mtu," akasema kikongwe. "Nitafanya nilichokuwa nikifanya. Nitamwita ng'ombe wangu kila jioni. Nanyi mliomla, mtaitika."

Akatoka. Na mtoto yule mchanga hakumaliza mwezi.

Tangu hapo Fisi hana raha. Giza likiingia tumbo lake linaitika, "Uuuu! Uuuu!" na yeye anakimbia huku na huku akitafuta mahali ambapo wimbo haufiki. Nungunungu aliona aibu kukaa juu ya ardhi, akachimba shimo, akaingia na wanawe. Hatoki ila usiku, kufukua viazi vya watu. Hana kikaango tena cha kufunika ile sauti, kwa hiyo akitembea anatikisa miiba yake, kra, kra, kra, ili mtu asisikie kinachosema ndani yake. Ukiisikia, ujue kuna kitu kinaitwa.

Lakini Bibi Nakiete alikufa zamani, kabla ya babu wa babu yangu. Nyumba yake ni majani matupu. Fisi bado anaitika. Nungunungu bado anatikisa miiba. Sasa huko ukunguni, jamani, anayeita ni nani?

Mimi sijui, na sitoki nje kuuliza.

Nijualo ni hili: mpokea cha wizi ni mwizi, hata kama mikono yake haikushika kisu. Na cha mwenzio ukikila hakiishi. Kinangoja siku utakapokosa cha kukifunika.

Hadithi yangu nimeipakua yote. Aliyeshiba anawe mikono, asiyeshiba akwangue chungu. Ila atafune kwa sauti.