Maswali Matatu ya Mashine ya Matone

"Mlinzi ni wangu, Kalunde! Bila mlinzi, maswali yako yangekuwa porojo tu."

"Na bila maswali yangu, Nyanzobe, mlinzi wako angekuwa kisiki mlangoni. Kisiki humzuia nani?"

Hapo zamani, si zile za fisi kusema bali za juzijuzi, mashine zilipokwisha kuanza kufuata maneno ya watu, ndivyo walivyogombana wasichana wawili nyumbani kwa Sikudhani. Sikudhani mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amempakata binti yake mchanga. Mtoto alikuwa hai, na hilo ndilo lililowagombanisha.

Sikudhani alikuwa ameapa kumpa mtoto jina la mtu aliyemwokoa. Na mwenye jina huwa somo wa mtoto: nyumba ile ni yake, akiugua watamuuguza, akifa watamlilia. Nyanzobe alilitaka kwa fahari. Kalunde alikuwa na sababu nyingine. Jina lake lilikuwa la bibi yake aliyemlea, na katika ukoo ule alibaki yeye peke yake. Akiondoka yeye, hakuna atakayeitwa Kalunde tena.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Wasichana hao walitunga lugha ya kuamrisha mashine. Wengi kabla yao waliifundisha mashine vitu kimoja kimoja: hii chupa, hii damu, haya maji. Kikija kitu kipya, mashine inaduwaa. Kalunde akasema, "Tusiiambie kila kitu ni nini. Tuifundishe kuuliza." Akaandika kwamba kila aina ya kitu, iliyopo na ambayo haijazaliwa, ikitaka kuingia katika lugha yao itajibu maswali matatu. Jina lako nani? Unaweza kufanya nini? Nani anaweza kukaa mahali pako? Isiyojibu yote matatu, haiingii.

Nyanzobe akafanya mzaha, akabuni uji wa mwezini. Jina lako nani? Uji wa mwezini. Unaweza kufanya nini? Naweza kumiminwa. Nani anaweza kukaa mahali pako? Uji wowote. Mashine isiyowahi kusikia uji wala mwezi ikaupokea, ikajua pa kuuweka na pa kuukataza. Nyanzobe akaacha kucheka. Kalunde alihisi vinyweleo vimemsimama. Maneno yake yalikuwa machache, nayo yalitambua vitu ambavyo yeye mwenyewe hajaviwaza.

"Shoga," alinong'ona, "hivi tumefanya nini?"

Nyanzobe akatunga mlinzi wa kuyauliza maswali hayo. "Wangu hangoji mwizi atoke na mbuzi," alisema. "Anauliza kabla mlango haujafunguliwa." Na kweli, kazi haikuanza mpaka kila aina imeulizwa.

Lakini mlinzi asiyesinzia huchosha. Kalunde alichoka kuzuiwa, akaingiza aina moja akaiita Chochote. Jina lako nani? Chochote. Unaweza kufanya nini? Kila kitu. Nani anaweza kukaa mahali pako? Yeyote, nami nakaa popote. Kitu kikivishwa Chochote, kinapita.

"Umemtobolea mlinzi wangu mlango wa uani!" Nyanzobe alifoka.

"Ni wa dharura tu, mama wa makuu."

Wakanuniana. Nyanzobe akaifuta Chochote bila kumwambia mwenzake.

Mashine ikapelekwa zahanati, ikapewa kazi ya kudondosha dawa tone kwa tone. Muuguzi, Bi Tausi, ndiye aliyeziandikia dawa majibu yao na kubandika kila chupa alama ya aina yake. Kwenye dawa ya watoto wachanga aliandika jina, akaandika inachofanya. Alipofikia swali la tatu, kalamu ilisita. Watu wazima wana dawa ya jina lilelile, kali zaidi. Nani anaweza kukaa mahali pako? Akaandika: Hakuna.

Binti wa Sikudhani akazaliwa mdogo, pumzi zake zikikatika. Wodi ilikuwa imejaa, na Bi Tausi hakuwa ameketi tangu alfajiri. Akachukua chupa, akaitundika. Ilikuwa ya watu wazima.

Mashine ikauliza. Jina lako nani? Majina yakalingana. Unaweza kufanya nini? Kudondoka, sawasawa na ile nyingine. Nani anaweza kukaa mahali pa dawa ya mtoto huyu? Hakuna.

Ikagoma. Halikutoka hata tone.

Bi Tausi akaisoma alama ya chupa, akaishusha. Akatundika iliyo sahihi, mtoto akavuta pumzi. Naye hakuficha, alimweleza Sikudhani yote.

Kalunde aliposikia, alikaa chini. Hakuwapo pale. Wala Nyanzobe hakuwapo. Swali walilolijaribu kwa mzaha lilisimama peke yake kati ya mtoto na kifo, likauliza.

Ndiyo maana siku ya kumpa mtoto jina wakawa wanagombana mbele ya kitanda.

"Na Chochote je?" Nyanzobe akauliza. "Mwambie mama wa watu."

Kalunde alitamani kunyamaza. Alimtazama mtoto, akashindwa. "Mimi niliyawaza maswali. Lakini Chochote nayo niliiandika mimi. Ingebaki, chupa zingebandikwa Chochote kwa haraka, na ile ingepita." Kisha akageuka. "Nawe ulipoifuta, ulikuwa unamlinda mtoto?"

Nyanzobe akainamisha kichwa. "Niliifuta kwa hasira. Mtoto hata sikumjua."

Bi Tausi, aliyekuwa ameketi pembeni, akasema, "Mimi jina sidai. Mkono uliotundika chupa ile ni huu."

"Na ulioandika Hakuna ni upi, dada?" Sikudhani akamuuliza.

"Ni huuhuu."

Sikudhani akainuka na mtoto kifuani, akaenda hadi mlangoni. Uani majirani walikuwa wamejaa mikekani. Akasema:

"Jamani, wali umeiva na mwanangu hana jina. Aliyeyawaza maswali ndiye aliyefungua njia ya kuyakwepa. Aliyeiziba njia aliiziba kwa hasira. Aliyejibu kweli ndiye aliyekosea chupa. Ondoa mmoja wao, leo mngekuwa mmekuja kuzika. Na jina ni moja. Haya, mngekuwa nyinyi, mngemwita nani?"