Moto wa Makumbi

Mtu mmoja alikuwa na kipimajoto alichorithi kwa baba yake, naye alikiamini kuliko alivyoyaamini macho ya watu. Jina lake lilikuwa Eriki. Alitoka nchi ya mbali, ambako ziwa zima huganda na magari yakapita juu yake, akaletwa pwani ya kusini kusimamia mabwawa ya chumvi.

Alifika wakati wa joto kali, akateseka. Hakuna aliyemcheka. Walimwonyesha kivuli cha kukaa, wakamwambia saa za kutotoka nje. Kisha kikaingia kipupwe, na asubuhi moja akawakuta wavuna chumvi wamevaa masweta, wanawake wamejitanda kanga mbili mbili, watoto wachanga migongoni wamevikwa kofia za sufu mpaka kwenye nyusi. Yeye alikuwa na fulana ya mikono mifupi. Alitazama kipimo chake, akaona nyuzi ishirini, akacheka peke yake hadi akakohoa. Jumapili ile alimwandikia dada yake kwamba amefika mahali ambapo watu hujifunika kama wanaokwenda kuzikwa, katika hewa ambayo wao kwao wangekwenda kuogelea.

Mwanzoni kicheko kilikuwa cha pande zote mbili. Bi Somoe, mnyapara wa zamu ya asubuhi, alimwuliza kama kwao hata ng'ombe huvalishwa makoti. Alipojibu kwamba wengine huvalishwa, watu walishika mbavu. Lakini aliyecheka alikuwa na amri juu ya wenzake, na kicheko cha mtu wa namna hiyo hakichelewi kugeuka hukumu.

Palikuwa na desturi pale mabwawani. Siku za kipupwe, kabla ya kuingia majini, watu walikoka moto wa makumbi ya nazi kando ya bwawa la kwanza, wakauzunguka kwa muda wa robo saa, wakapaka miguu mafuta na kutaniana. Eriki aliona watu arobaini wanaota moto pasipo baridi. Aliona pia kwamba Bi Somoe hakunyoosha mikono kama wengine, bali alisimama upande wa moshi, akiwatazama wenzake huku machozi yakimtoka. Hakujiuliza kwa nini.

Akaamuru moto usiwashwe tena. Akakipigilia kipimo ukutani pa ghala, akatangaza kwamba kisiposhuka chini ya kumi na tano, mtu asimletee habari za baridi. Bi Somoe alimfuata faragha, akamwomba awaachie walau ile robo saa. Alipoulizwa sababu, alisema tu kwamba ndivyo walivyozoea. Maana jambo ambalo mtu amelifanya tangu utotoni, hana maneno yake tayari. Eriki aliona kwamba hiyo haikuwa sababu.

Siku ya tisa alikuja mtu aitwaye Mtopa, baba wa watoto wanne, ambaye hakuna aliyemshinda kuvuta reki. Alikuwa amejifunika shuka juu ya sweta. Bi Somoe hakumwona, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali ambapo wote walisimama pamoja. Kila mtu alipita ghalani, akachukua reki yake, akashuka majini. Mtopa alikwenda kwa Eriki, akaomba akae juani kidogo. Eriki hakukasirika. Alimshika bega juu ya shuka na sweta, kwa hiyo mkono wake haukuhisi kitu, akampeleka taratibu mpaka ukutani, akamwonyesha: nyuzi ishirini na moja. Waliokuwa karibu walicheka, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujifunza kucheka pale mkubwa wao anapocheka. Mtopa naye akacheka, meno yakigongana, akaingia bwawani.

Saa nne alianza kuzungumza na mama yake, aliyefariki miaka mingi nyuma. Saa tano alianguka kifudifudi katika maji yasiyofika magotini. Zahanati walisema ni malaria, na kwamba ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani; angeletwa alfajiri, pangekuwa na la kufanya. Jua lilipokuwa likielekea kuchwa, Mtopa alikata roho.

Eriki alikwenda matangani, akaketi mkekani pamoja na wanaume. Alisema, na alikuwa mkweli, kwamba hakujua. Kwamba siku ile hewa haikuwa baridi, alikuwa amekitazama kipimo kwa macho yake mwenyewe. Bi Somoe alikuwa akipita na birika la kahawa. Akasimama.

“Kwamba hewa si baridi, Bwana Eriki, sote tulijua,” alisema. “Moto ule ulikuwa wa kumtambua mtu ambaye ameshaota na bado anatetemeka, ili tumrudishe nyumbani.”

Kisha akaendelea kumimina kahawa.

Matanga yalipokwisha, Eriki alikiondoa kipimo ukutani. Alfajiri alikusanya makumbi kwa mikono yake, akakoka moto kando ya bwawa la kwanza, akasimama upande wa moshi kama alivyomwona Bi Somoe akisimama. Watu walikuja, wakauzunguka, wakanyoosha mikono, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Hakuna aliyetania. Akaanza kuzitazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, huku moshi ukimwingia machoni, na kila uso alioufikia ulimtabasamia ukatulia. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mwenye homa ya siku mbili. Naye alitabasamu, akakaza taya, akatulia tuli mpaka macho yale yalipompita.

Nanyi mliopewa watu wa kuwasimamia, iwe nyumbani au kazini: tangu lini hakuna atetemekaye mbele yenu, na ni nani aliyewaambia kwamba wamepata joto?