Nguchiro na Wimbo wa Mkokoteni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao na majirani wa kugombana nao, Punda na Nguchiro walimiliki mkokoteni mmoja. Sogeeni karibu. Nawaambia mapema kwamba hadithi hii huwa naianza nikicheka na kuimaliza vibaya, kwa hiyo anayetaka kuondoka aondoke sasa.

Mkokoteni ulikuwa na magurudumu mawili ya mbao. Waliwabebea majirani kuni, vyungu na magunia kutoka bondeni hadi kijijini, juu ya mwinuko mrefu wa mawe mekundu. Punda alivuta. Nguchiro, kwa udogo wake, alitembea nyuma na jiwe mkononi. Punda akisimama kupumzika, Nguchiro aliliweka jiwe nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi chini. Kazi ya jiwe ni ndogo lakini ni kazi, naye aliichoka. Jua, vumbi, na kumtazama Punda kwa nyuma mchana kutwa. Hata mimi ningechoka.

Siku moja, wakiwa wamepumzika katikati ya mwinuko, akamwita mwenzake.

"Kaka, ukilivuta gari, unasikia nini mabegani?"

"Nasikia kamba inanivuta nyuma."

"Nani anakuvuta?"

Punda akafikiri. "Gari."

"Kwa nguvu kiasi gani?"

Hilo Punda hakulijua. Nguchiro akamweleza taratibu kwamba kila unachokivuta nacho hukuvuta kwa nguvu ileile, haizidi wala haipungui. Mpaka hapo alisema kweli tupu, wanangu, na ndiyo maana uongo uliofuata ulipita bila kuonekana.

"Sasa kaka, wewe unavuta mbele, gari linavuta nyuma, sawa kwa sawa. Zinafutana. Inabaki nini?"

"Haibaki kitu," Punda akasema polepole.

"Basi gari linaendeshwa na nini?"

Punda akazitazama kwato zake. Akaomba ajaribu kuvuta, aone mwenyewe. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na gari halikusogea hata kidogo. Hakujua kwamba Nguchiro, wakati wa mazungumzo, alikuwa amesukumiza mawe mawili makubwa mbele ya magurudumu.

Nguchiro akamwambia asihuzunike, kuna wimbo wa babu yake ambao ndio umekuwa ukiliendesha gari siku zote, ila alikuwa akiuimba kimoyomoyo. Akayaondoa mawe yote upesi, hop, akarukia juu ya mzigo, akaimba:

"Gurudumu zunguka, twende,
Mlima inama, tupite."

Akamwambia Punda atembee tu, asijisumbue kuvuta. Punda akatembea. Kwiru, kwiru, kwiru, gari likapanda.

"Umeona, kaka?"

"Nimeona," akasema Punda.

Tangu siku hiyo Nguchiro alipanda juu ya magunia, amejifunika jani la mgomba, anaimba. Majirani walicheka mwanzoni, kisha wakazoea, kisha wakaamini. Mayai mazuri wakampa mwimbaji, pumba wakampa Punda. Na Punda mwenyewe aliamka alfajiri kumpikia Nguchiro uji wa tangawizi ili koo lisikauke. Alikuwa akisema, "Ukipata mafua tutakula nini, mdogo wangu?"

Hapo ndipo ninapoacha kucheka. Punda aliacha kumtazama mtu usoni. Watoto wakimwuliza kama ni yeye aliyeleta vyungu, alijibu kwamba ni Nguchiro, yeye hutembea mbele tu. Siku moja Nguchiro aliyasikia maneno hayo akiwa kule juu ya mzigo, na moyo ukamchoma. Akajiambia kesho atamwambia ukweli. Lakini kivuli cha lile jani kilikuwa kitamu, na kesho ilisogezwa mbele kila siku.

Yakaja mavuno. Safari hii mtama ulikuwa wao wenyewe, magunia kumi waliyolima pamoja kando ya mto. Kilikuwa chakula cha nyumba mbili kwa mwaka mzima, na mke wa Punda alikuwa karibu kuzaa. Walipomaliza kupakia, mbingu juu ya milima ilikuwa nyeusi na mto ulikuwa umeanza kuguruma, gurr, gurr. Ardhi chini yao bado ilikuwa kavu.

Nguchiro alikuwa na mafua, amejifunga shuka. Akakwaruza wimbo wake kwa sauti iliyopasuka. Punda akapiga hatua moja, akasikia uzito ambao hajapata kuusikia, akasimama.

"Wimbo haujashika, mdogo wangu. Nasikia gari linanivuta."

"Vuta tu, kaka!"

"Nitavuta vipi? Zinafutana. Ulinionyesha mwenyewe."

Nguchiro akaimba tena. Akaimba mara ya tatu mpaka machozi yakamtoka. Punda alisubiri kwa adabu, masikio yameinama. Kisha akauliza, "Nikimbie nyumbani nikakuletee uji?"

Uji! Mto unakuja, na huyu anafikiria koo la mwenzake. Nguchiro akaruka chini, akamshika mguu, akamwambia yote. Mawe mawili mbele ya magurudumu. Wimbo ambao babu yake hakuwahi kuusikia.

"Gari linakuvuta, ndiyo, kwa nguvu ileile. Hapo sikukudanganya. Lakini nguvu yako iko kwenye gari, na nguvu ya gari iko kwako. Hazikutani mahali pamoja, zitafutanaje? Wewe unaisukuma ardhi nyuma kwa kwato zako, na ardhi inakusukuma mbele. Ndivyo ulivyopanda mwinuko ule siku zote. Ni wewe, kaka."

Masikio ya Punda yakainuka. "Siku zote zile, ni mimi?"

"Ni wewe."

Wakati wanaongea mvua ilikuwa imeanza, to, to, to, kisha shwaa, ikamwagika. Vumbi likawa tope. Punda akainamisha mabega, akavuta kwa nguvu alizokuwa nazo na alizokuwa amezisahau. Kwato zikateleza. Akaanguka magoti, akainuka, akavuta tena, akateleza tena.

Nguchiro akapiga kelele kwamba ni tope, kwamba ardhi iliyolowa haizishiki kwato zake, ndiyo maana haiwezi kumsukuma. Akavua shuka lake akalitandika chini ya miguu ya mwenzake, likazama kwenye matope. Maji yakafika kwenye magurudumu.

Punda akageuka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Jana ulisema ni wimbo. Punde hivi ukasema ni mimi. Sasa unasema ni tope. Mdogo wangu, ninachokijua ni kwamba nimevuta kwa nguvu zangu zote, na gari halikusogea. Ni mara ya pili sasa."

Nguchiro akaitafuna kamba ili Punda asizolewe. Wakakimbilia mwinukoni. Kutoka huko waliuona mkokoteni ukiinuka na kuondoka na mto, magunia yote kumi juu yake.

Mwaka ule walikula mizizi, nyumba zote mbili. Mtoto wa Punda alizaliwa mwembamba sana. Nguchiro aliwapelekea kila alichopata, na kila alipokwenda alimwomba Punda ajaribu tena, mahali pakavu, mara moja tu, hata kwa gari tupu la kuazima. Punda alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Baadaye akahamia mbali, yeye na familia yake.

Mkimwona nguchiro njiani amesimama kwa miguu miwili, shingo ndefu, anatazama huku na huku, msimtupie mawe. Anasikiliza kama kuna gari linapanda.

Ukimwaminisha mwenye nguvu kwamba hana nguvu, siku utakayozihitaji hutazipata.